Mzee Tete na Msailiwa Namba Tano

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, profesa wa klarineti alikuwa akihesabu matete yake. Tete ni kile kijiti chembamba kama ukucha kinachofungwa kwenye mdomo wa klarineti. Ukipuliza, kinatetema; bila hicho, klarineti ni bomba la mti mweusi lenye vitufe vya kupendeza tu. Alikuwa na matete ishirini na manne ndani ya kiboksi cha bati, kila moja na namba yake ya penseli upande wa nyuma, na daftari dogo alimoyaandika kama watu. "Namba tisa: mvivu asubuhi." "Namba kumi na mbili: asiaminiwe kwenye sauti za juu." Wanafunzi wakambatiza Mzee Tete. Jina hilo alilijua, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa akimtafuta aliyelianzisha.

Shaka hiyo hakuzaliwa nayo. Klarineti alipewa akiwa na miaka kumi na minne, na mwalimu wa bendi ya shule, sajini mstaafu, kwa sababu moja tu: tarumbeta zilikuwa zimekwisha. Akaichukua kwa kinyongo, na baada ya mwezi akawa haiachi mkononi. Akasoma chuoni, akapata nafasi ya kwenda ng'ambo miaka miwili, akarudi, akakalia kiti cha klarineti ya kwanza kwenye okestra ya jiji. Katika tamasha moja la mwaka wake wa pili alifika mahali ambapo okestra nzima hunyamaza na klarineti hubaki peke yake. Akavuta pumzi, akapuliza, na kilichotoka ni mlio wa bata aliyekanyagwa. Ukumbi mzima uliusikia. Alipofungua kibano kinacholishika tete aliona lina ufa, na aliapa kwamba lile aliloliacha kitini wakati wa mapumziko lilikuwa zima. Mwenzake wa klarineti ya pili alikuwa akitazama dari. Hakuna kilichothibitishwa. Lakini tangu siku hiyo mtu akicheka karibu naye, alitaka kujua anacheka nini. Mtu akinyamaza, alitaka kujua anaficha nini.

Pamoja na hayo, alikuwa mwalimu kwelikweli. Chumba chake pale chuo kikuu kilikuwa ghorofa ya pili: kuta zimebandikwa mazulia ya zamani ili kuzuia sauti, viti viwili, kioo kirefu cha kujitazama mdomo, na dirisha lililoelekea tangi la maji. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alipiga noti moja moja, ndefu, kwa wiki nne, kabla ya kuruhusiwa wimbo wowote.

"Usinipigie wimbo," alikuwa akisema. "Nipigie noti moja isiyoomba msamaha."

Akipita kwenye korido na kusikia mtu akifanya mazoezi nyuma ya mlango, alijua ni nani, na kama tangu Jumatatu mtu huyo hakuigusa klarineti. Asubuhi alifundisha, mchana alikuwa kwenye mazoezi ya okestra, Ijumaa alikuwa jukwaani. Wanafunzi zaidi ya arobaini walipita mikononi mwake, na tisa kati yao walikuwa wakiishi kwa klarineti.

Ila alikuwa na sheria moja ambayo wenzake waliiona ngumu. Kabla ya kumpokea mtu, alimwangalia meno. Wapigaji wengi wa klarineti huegemeza meno ya juu kwenye mdomo wa chombo, kwa hiyo meno yaliyokaa ovyo aliyahesabu kama ugonjwa. Miaka saba nyuma alikuja msichana mmoja aliyekuwa na pengo pana mbele, katikati kabisa, na wenzake walimwita hivyo hivyo, Pengo. Alipiga noti tatu tu. Profesa akainama, akamwangalia kinywani kama daktari, akasema, "Binti yangu, haya meno ni ya kuongea. Si ya klarineti. Nenda upande wa kuimba." Msichana akafunga kiboksi chake, akaaga kwa adabu, akaondoka. Kufikia chakula cha mchana profesa alikuwa amekwishamsahau.

Nyumbani aliishi na mkewe, Mama Pacha. Pacha wenyewe, wa kike na wa kiume, walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima na kwenda kujitegemea. Mama Pacha alisoma naye chuo kimoja, darasa moja, chombo kimoja. Ujanani alianguka baiskeli na jino la mbele likakatika nusu, ikawa lazima aufunike mdomo wa klarineti kwa midomo yake yote miwili, wa juu na wa chini, bila kuuma kabisa. Sauti yake ikatoka ya mviringo, laini, kama mtu anayekuambia jambo kwa karibu. Waliokuwapo wakati huo walinong'ona kwamba kati ya wale wawili, yeye ndiye aliyekuwa na sauti. Lakini pacha walizaliwa wakati mume yuko ng'ambo, na klarineti ikapanda juu ya kabati. Mama Pacha akafanya kazi ya ukutubi kwenye shule moja mpaka alipostaafu, mwaka uliotangulia mkasa huu.

Mambo yalianza siku okestra ilipobadilisha ratiba. Kwa miaka na miaka mazoezi makubwa yalikuwa Jumatano mchana. Mwaka huo yakahamishiwa Alhamisi. Profesa, akiwa na miaka hamsini na nane, akajikuta kwa mara ya kwanza yuko nyumbani siku ya Jumatano saa nane, kakaa kochini na gazeti, na akamwona mkewe anavaa viatu vya kutokea.

"Unakwenda wapi, Mama Pacha?"

"Natoka kidogo."

"Kidogo wapi?"

"Kidogo nje, Baba Pacha. Chai iko kwenye chupa."

Jumatano iliyofuata, vilevile. Ya tatu, vilevile, na safari hii alibeba mfuko mrefu wa kitambaa aliosema ni wa kufumia. Profesa hakukumbuka kumwona mkewe akifuma hata soksi. Mkewe aliporudi, profesa alimpokea mtandio ili autundike, akanusa. Hakukuwa na manukato ya mtu. Kulikuwa na harufu nyingine, nzito kidogo, ambayo pua yake iliijua kabla ya akili: mafuta yale yanayopakwa kwenye maungio ya klarineti ili yasikwame.

Machale yakamcheza. Lakini yeye mwenyewe alishika mafuta hayo kila siku ya Mungu. Labda ni harufu yake. Akajiambia hivyo, na hakujiamini.

Kesho yake tete namba kumi na nne halikuwapo.

Akapekua mifuko, akainua mito ya kochi, akaenda chuoni na kuwafungulisha wanafunzi wake sita viboksi vyao mmoja baada ya mwingine, kama afisa wa forodha. Hakupata kitu. Wiki iliyofuata likatoweka namba kumi na saba, kisha namba tatu, na namba tatu ndilo lililokuwa kipenzi chake. Mtu aliyekuwa akichukua alikuwa na sikio. Alikuwa hagusi yale mabovu.

Siku hiyo mkewe alipokuwa bafuni, profesa alipanda juu ya kiti, akaangalia juu ya kabati. Kiboksi cha klarineti ya Mama Pacha kilikuwa mahali pake. Akakiinua: kizito kama inavyotakiwa. Akakitikisa: kitu kikagonga ndani. Ila jambo moja lilimkaa kooni. Kabati lote lilikuwa na vumbi, na kiboksi hakikuwa nalo. Akasikia maji yamefungwa bafuni, akakirudisha, akashuka, akajifanya anatafuta shuka.

"Shuka ziko chini," akasema Mama Pacha.

"Najua," akasema profesa.

Jumatano ya tano akamfuata. Kumfuata mke wako uliyeishi naye zaidi ya miaka thelathini si kazi nyepesi. Anaujua mwendo wako. Alivaa kofia ambayo mwanawe wa kiume aliisahau, akatembea upande wa pili wa barabara, akisimama kila mkewe alipopunguza hatua. Mama Pacha akaingia kwenye jengo la ghorofa tatu. Chini palikuwa na kliniki ya meno, katikati darasa la ushonaji, na juu ukumbi mdogo ambao madirisha yake yalikuwa yamefungwa pazia zito. Profesa akaingia duka la vifaa vya ofisi lililotazamana na jengo hilo, akajifanya anachagua bahasha. Zikapita dakika kumi. Kisha akamwona mtu anayekuja kwa haraka, mkoba kwapani, anaangalia kushoto na kulia kama mwizi wa kuku, naye akaingia mlango ule ule.

Alikuwa mpiga piano wake.

Si mpiga piano wa mtu mwingine, wake. Mtu aliyempigia piano kwenye matamasha kwa miaka kumi na tisa, aliyekula mezani kwake, aliyemwita mkewe shemeji. Profesa akasimama na bahasha mkononi mpaka mwenye duka akamuuliza, "Mzee, unazitaka au unazipiga upepo?"

Alirudi nyumbani asile. Asubuhi iliyofuata, kwenye chumba cha mazoezi, akasubiri mpiga piano akae vizuri, ndipo akaanza kumchimba.

"Jana ulikuwa wapi mchana?"

Mpiga piano akapekua kurasa za nota zisizohitaji kupekuliwa. "Jana? Nilikwenda kung'oa jino, kaka."

"Jumatano iliyopita?"

"Jino pia."

"Na ile ya kabla yake?"

"Ndiyo... lilikuwa linasumbua."

"Kwani una meno mangapi wewe?"

Mpiga piano akacheka kicheko kifupi, kikakauka chenyewe. Akaweka vidole kwenye piano, akakosea noti ya kwanza kabisa, noti ambayo hakuwahi kuikosea. Profesa akaiona, akaihifadhi. Usiku alilala ameupa ukuta uso, na Mama Pacha alipomuuliza kama anaumwa alisema ni mgongo.

Alimpigia simu binti yake, yule pacha wa kike, ili amchote kidogo kidogo. "Mama yako siku hizi anakuambia nini?" Kule upande wa pili kukawa kimya kidogo. "Mama? Hajaniambia kitu, Baba. Niambie nini?" Ukimya ule ulikuwa mrefu kuliko ulivyostahili. Sasa akawa na hakika kwamba nyumba nzima ilikuwa imekula njama, na yeye peke yake yuko nje ya mlango.

Wakati huo huo chuo kikuu kilikuwa kinatafuta mhadhiri mpya wa klarineti, atakayefanya kazi na profesa miaka miwili kisha achukue nafasi yake atakapostaafu. Hapo napo profesa alinusa jambo. Mkuu wa kitivo, mwanamama mmoja mpole aliyependa kukubaliana na kila mtu, alikuwa na mpwa wake anayepiga klarineti. Basi kwenye kikao profesa akasimama, akataka usaili ufanyike nyuma ya pazia. Wasailiwa wasijulikane majina, wapewe namba. Pazia lifike chini kabisa. Njia ya kuingilia itandikwe zulia, ili hata viatu visimtambulishe mtu.

"Kweli huniamini, Profesa?" mkuu wa kitivo akamuuliza.

"Nakuamini sana, Mheshimiwa. Pazia ni kwa ajili ya wale wasiokuamini."

Wakacheka, wakapitisha. Pazia lilipoletwa likawa fupi kwa kiganja kimoja. Profesa akalirudisha kwa fundi, likaongezwa upindo mpaka likalala sakafuni.

Siku ya usaili walikaa majaji watano nyuma ya meza ndefu, kila mmoja na karatasi yake, na hawakuruhusiwa kuongea. Nyuma ya pazia alikuwapo mpiga piano yule yule, kwa sababu ndiye aliyekuwa mpiga piano wa idara, na alitakiwa kuwapigia wote sita.

Namba moja alikuwa na vidole vyepesi na hana la kusema. Namba mbili alipaparika. Namba tatu alipiga vizuri, kama mtu anayepiga pasi shati. Namba nne profesa alimtambua mara moja, alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, akampa alama zinazomfaa, wala hakumpendelea. Kisha karani akatangaza namba tano.

Kwanza ikasikika noti moja ya kupatanisha na piano. Noti moja tu. Profesa akaangusha penseli.

Sauti hiyo alikuwa hajaisikia zaidi ya miaka thelathini. Ya mviringo, laini, ya karibu. Haikuwa na ule ukali mdogo wa pembeni unaoletwa na meno. Mtu aliyekuwa nyuma ya pazia alikuwa ameufunika mdomo wa klarineti kwa midomo yote miwili, na katika maisha yake yote profesa alimjua mtu mmoja tu anayepiga hivyo.

Ni yeye, akawaza. Mama Pacha yuko nyuma ya pazia, na anataka kiti changu.

Damu ikampanda. Kila kitu kikajipanga mstari: Jumatano, mfuko mrefu, mafuta, matete, jino la mpiga piano. Akainama kuokota penseli ili angalau aone viatu. Akaona upindo wa pazia, umelala sakafuni kama alivyoagiza mwenyewe.

Muziki ukaanza. Na hapo sikio lake, ambalo halikuwahi kumsikiliza mwenyewe, likaanza kumsahihisha. Sauti ni ya Mama Pacha, ndiyo, lakini pumzi si yake. Hizi zilikuwa pumzi za kifua kichanga. Kwenye sehemu ya haraka vidole vilikimbia kwa namna ambayo vidole vya mtu wa miaka hamsini na saba havikimbii. Jambo la pili lilikuwa piano. Kwa namba moja mpaka nne piano ilikuwa ikifuata, kama mtu anayemsindikiza mgeni njia asiyoijua. Kwa namba tano ilikuwa inajua. Ilingoja nusu nukta kabla ya pumzi, ikapokea mwisho wa sentensi bila kuguswa. Wawili hawa walikuwa wamefanya mazoezi pamoja, si mara moja wala mbili.

Ikaja sehemu ya polepole. Klarineti ikashuka mpaka chini kabisa, ikatoa noti ndefu, ikaipunguza, ikaipunguza tena, mpaka ikawa vigumu kusema imekwisha lini. Noti ile haikuomba msamaha kwa mtu yeyote. Jaji aliyekaa kushoto kwake alikuwa ameacha kuandika.

Profesa akatazama karatasi yake. Angeweza kuandika arobaini. Hakuna ambaye angemuuliza, alama zilikuwa za siri. Walikuwa wamemzunguka, wamemficha, wamemwibia. Mtu mwingine angeliita hilo haki. Akashika penseli kwa nguvu mpaka ncha ikakatika, akaomba nyingine. Katika maisha yake ya kusaili hakuwahi kumpa mtu zaidi ya themanini na tano. Akaandika tisini na moja, akaigeuza karatasi kifudifudi, akajisikia mnyonge kama mtu aliyetia saini asichokisoma.

Namba sita alipiga, hakuna aliyemkumbuka. Alama zikajumlishwa. Mkuu wa kitivo akasimama, sura yake ikiwa haina furaha wala huzuni, maana mpwa wake ndiye aliyekuwa namba mbili, yule aliyepaparika, akasema, "Namba tano, tafadhali njoo mbele."

Pazia likasogezwa. Akatoka msichana mrefu mwenye sketi ya kijivu, klarineti kifuani.

"Shikamoo, Mwalimu," akamwambia profesa, na alipofungua mdomo profesa akaliona pengo.

Alisahau kuitikia. Macho yake yalikuwa yameshuka kwenye klarineti. Karibu na mdomo wa chombo palikuwa na waya mwembamba wa fedha uliozungushwa mara tatu kuziba ufa, na waya huo aliuzungusha yeye mwenyewe, kwa mikono yake, mwaka waliooana.

Nyumbani alibeba kiti, akapanda, akashusha kiboksi juu ya kabati, akakifungua kitandani. Ndani kulikuwa na taulo lililokunjwa vizuri na mchi mdogo wa kinu.

"Kumbe mchi ulikuwa humo," akasema. "Tumeutafuta mwaka mzima."

"Miaka sita," akasema Mama Pacha. Alikuwa amesimama mlangoni, mtandio bado begani. "Amepata?"

"Amepata."

Mama Pacha akakaa kwenye ncha ya kitanda, akafunika uso. Profesa alitarajia kila kitu ila kwamba angelia kwanza. Akangoja. Alikuwa na maswali mengi, na yote yakatoka kwa wakati mmoja.

"Matete yangu?"

"Niliyachukua mimi. Ya kwetu yalikuwa yamechakaa, na usaili ulikuwa mlangoni. Namba tatu ni zuri sana, Baba Pacha. Una mkono wa kuchagua."

"Na mpiga piano?"

"Nilimwomba, akakubali. Kukubali ni kitu kimoja, kudanganya ni kingine. Maskini, hajui kudanganya hata kidogo."

"Na binti yako naye alijua?"

"Alijua."

"Kila mtu alijua. Kasoro mimi."

"Kasoro wewe."

Akamweleza. Siku ile profesa alipomkataa Pengo, yeye alikuwa amempelekea mumewe miwani chuoni. Alimkuta msichana amekaa kwenye ngazi, halii, anajitazama meno kwenye kioo cha simu. Alimuuliza kulikoni, akaambiwa. "Nikamwonyesha jino langu," Mama Pacha akasema. "Nikamwambia, mimi nilipiga na hili. Akaniuliza, sasa kwa nini uliacha? Baba Pacha, sikuwa na jibu la kumpa mtoto wa watu." Mwanzoni alitaka kumfundisha mwezi mmoja tu, aone kama midomo ile itakubali. Mwezi ukazaa mwaka, na mwaka ukazaa mingine, huku msichana akichukua shahada yake ya muziki chuo kingine.

"Ungeniambia," profesa akasema.

"Ningekuambia, ungesema nini?"

Akafikiri. Alikuwa na makosa mengi, ila hakuwa mwongo. "Ningesema unapoteza muda wake."

"Basi."

Profesa akasema alichokuwa amekibeba wiki zote hizo, kwamba alimfuata, kwamba alisimama duka la bahasha, kwamba alidhani yeye na mpiga piano... Hakumalizia. Mama Pacha akaushusha mtandio begani.

"Mimi? Na yule?" Akashika mdomo. Alicheka mpaka machozi yakarudi, lakini alipokoma kucheka uso wake ulikuwa mgumu. "Uliona ni rahisi kuamini hilo kuliko kuamini kwamba naweza kupiga klarineti."

Neno hilo lilimchoma, na siku nyingi baadaye alikuwa bado analitafuna.

Kesho yake aliandika barua kwa mkuu wa kitivo. Alieleza kwamba aliyeshinda amefundishwa na mke wake bila yeye kujua, kwa klarineti ya nyumbani kwake, na amefanya mazoezi na mpiga piano wa idara. Kwamba yeye alikuwa jaji. Na kwamba kama usaili utaonekana una doa, urudiwe, kwa mpiga piano mwingine na bila yeye kuwapo mezani. Mpiga piano alipoisikia habari ya barua alimfuata mbio. "Kaka, unatuchoma wote." Profesa akamjibu kwamba ni afadhali waungue wote kuliko watu waje kunong'ona kuhusu yule binti maisha yake yote. Alivijua vizuri vinong'ono. Vilikuwa maisha yake.

Usaili ukarudiwa baada ya wiki tatu. Profesa alikaa chumbani kwake akitazama tangi la maji. Pengo akashinda tena, kwa alama nyingi kuliko mara ya kwanza.

Profesa akampigia hodi Pengo siku ya kwanza ya binti huyo kazini. Alikuwa amejiandaa, hata maneno aliyaandika. "Binti yangu, miaka saba iliyopita nilikuambia jambo..."

"Uliniambia haya meno ni ya kuongea, si ya klarineti, niende upande wa kuimba," Pengo akasema. Hakusema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayesoma anwani yake. "Mwalimu, sitaki pole. Wamenipa stoo isiyo na dirisha. Nisaidie nipate chumba chenye dirisha."

Akampigania chumba kwa siku nane, akaandika barua tatu, akagombana na mtunza majengo, na kikapatikana, kikubwa kuliko chake. Na tangu muhula huo hakuangalia tena meno ya mtu. Alisikiliza noti tatu akiwa amegeuka ukutani, kisha akauliza, "Nani amekufundisha?" Sauti ya swali bado ilikuwa ya mpelelezi.

Mama Pacha alipiga hadharani mwaka uliofuata, yeye na Pengo, klarineti mbili na piano, kwenye ukumbi mdogo wa kitivo. Profesa alikaa safu ya nyuma kabisa. Watu walisimama kupiga makofi. Yeye alibaki ameketi, anafuta miwani.

Sasa amestaafu. Jumatano Mama Pacha hatoki tena; wanafunzi wanamfuata nyumbani, na Pengo huja baada ya kazi. Profesa huwa jikoni anachemsha maji. Akisikia sebuleni wanacheka, husogea mlangoni, na akiingia kicheko hukatika ghafla, wote wanamwangalia.

"Mnacheka nini?" huuliza.

"Hakuna kitu, Baba Pacha."

Huwatazama mmoja mmoja, kwa jicho la pembe. Kisha huweka sinia la chai mezani, hurudi jikoni, na kuurudisha mlango nyuma yake, polepole, ili waendelee.